Afisa wa Ghala Lisilo na Baridi

Muuzaji wa duka la mboga chini ya jengo letu, pale Deira, kila alipomwona Afisa anaingia aliacha kazi yake na kumtazama. Si kwamba alimdhania mwizi. Alikuwa amechoka naye tu. Afisa alikuwa na tabia ya kwenda moja kwa moja kwenye makreti ya viazi, kuchukua kimoja kimoja, kukikwaruza ganda kwa ukucha, kukinusa, kukiinua kwenye mwanga wa taa kuangalia kama kimeanza ukijani, halafu kukirudisha. Vya Misri, vya Pakistani, vya Lebanoni, vyote alivipitia. Mwishowe alinunua vitunguu na nyanya akaondoka.

Siku moja nilimuuliza kwa nini hanunui viazi, na yeye ametoka kwenye viazi. Akaniambia vile vimekaa kwenye baridi kali mno. Ukivikaanga vitageuka vyeusi na vitakuwa na utamu usiofaa. Nikasema kumbe ni vibaya.

"Si vibaya," alisema. "Angalau viliwekwa mahali."

Mimi natoka Njombe, nako ni kwa viazi. Sisi tunaviita viazi mviringo, yeye aliviita waru, na hilo lilitosha kutufanya ndugu katika fleti iliyojaa wanawake wa kila upande. Aliniita Njombe, hakuwahi kuniita kwa jina langu. Mimi nilimwita mama nilipoongea naye, lakini nilipomtaja kwa wengine nilisema Afisa, kama kila mtu.

Jina hilo alijipa mwenyewe bila kujua. Siku aliyofika alikuwa amevaa koti la suti katika joto lile, na mlango ulipofunguliwa akajitambulisha kwamba yeye ni afisa wa maendeleo ya biashara kutoka kaunti moja ya milimani, Kenya. Aliyemfungulia alikuwa Hadija, Mganda, mlinzi wa mlango katika duka kubwa moja la nguo. Hadija akamtazama kuanzia kotini hadi viatuni, akamwambia, "Karibu, Afisa. Kitanda chako ni kile karibu na kabati." Tulicheka wote. Mwanzoni jina lilikuwa la utani. Baadaye mtu mgeni akilitaja kwa dhihaka, Hadija huyohuyo ndiye aliyemkata jicho.

Kazi yake Dubai ilikuwa kutengeneza chai na kufuta meza katika ofisi ya kampuni ya kununua na kuuza vyakula, ghorofa ya juu katika mnara mmoja wa Jumeirah Lake Towers. Mimi nilikuwa mhudumu wa mgahawa chini ya mnara huohuo, kwa hiyo tulipanda metro pamoja asubuhi, kwenye behewa la wanawake, safari ndefu kutoka Deira. Karibu yote ninayoyajua kuhusu maisha yake ya nyuma niliyasikia humo, tumesimama, tumeshika nguzo moja. Hakuwa msimuliaji mzuri. Alianza jambo kituo kimoja, akanyamaza vituo vitatu, akamalizia jambo jingine.

Alikuwa na neno lake: makadirio. Ukimwambia kwamba wikiendi tutaenda kuogelea ufukweni, alisema, "Hiyo bado ni makadirio." Madam wa Hadija kule dukani aliahidi kumwongezea siku za likizo, Afisa akasema ni makadirio. Msichana mmoja wa fleti alipochumbiwa kwa simu na mwanamume wa Kisumu ambaye hajamwona mwaka mzima, sote tulimpongeza, na Afisa naye akampongeza kwa moyo, akamkumbatia, kisha akamwambia kwa upole kwamba mpaka mtu afike na wazee wake, hayo ni makadirio. Msichana alilia. Afisa hakuelewa kwa nini. Kwake neno lile halikuwa tusi. Lilikuwa ni kipimo cha ukweli, namna ya kutenga kilichosemwa na kilichofika.

Alikolitoa neno hilo ni kwenye ghala.

Watu wa kwao walilima viazi kwa wingi na walivuna wote kwa mpigo. Hakuna aliyekuwa na pa kuviweka, na kiazi kilichokwisha kuchimbwa hakingoji. Kwa hiyo madalali walikuja na malori yao, wakataka magunia ya lumbesa, yaani gunia linalojazwa mpaka mdomoni kisha kushonewa kilemba cha wavu juu yake na kujazwa tena, huku bei ikibaki ya gunia moja. Mkulima aliyekataa alibaki na viazi vyake vikiota. Kaunti ikabuni mpango: kujenga ghala la baridi, ili watu waweke mavuno miezi kadhaa na kuuza bei ikipanda. Kaunti ingetoa kiwanja na kuta. Serikali kuu ingetoa fedha za mashine za kupozea, zikishuka kila mwaka kwenye fungu maalumu la bajeti ya taifa. Yeye aliajiriwa kwa mkataba wa mpango huo. Kazi yake ilikuwa kuwaunganisha wakulima wawe kikundi, kuwafundisha kuchambua, na kuwashawishi wapande mbegu safi badala ya kurudishia shambani viazi vidogo vilivyobaki jikoni.

Mbegu safi ilikuwa ghali, na watu hawakutaka. Hapo ndipo mumewe, mwalimu wa shule ya msingi aliyestaafu, alipolima shamba lao lote akapanda mbegu hiyo kabla ya mtu mwingine yeyote. Majirani walipita wakatazama. Wakasema kama mume wa afisa amepanda, basi hakuna hatari. Wakapanda.

Kuta zilisimama. Paa likaezekwa. Mlango mkubwa wa chuma ukaletwa. Mwaka huo bajeti ya taifa iliposomwa, fungu lile halikuwamo. Halikupunguzwa, halikuwamo tu, kama vile halijawahi kuwapo. Alisema alikitafuta kipengele kile kwenye vitabu vya makadirio ya bajeti kwa siku nzima, akidhani kimehamishiwa wizara nyingine. Na kwa kuwa mkataba wake ulilipwa na mpango, naye hakuwamo.

Mavuno ya mwaka ule yalikuwa makubwa kuliko yote, kwa ajili ya mbegu safi. Malori ya madalali yalikuja kama kawaida.

Nilimuuliza watu walimwambia nini. Alisema hawakumwambia kitu, na hicho ndicho kilichomfukuza. Walimsalimu kanisani. Mama mwenyekiti wa kikundi, mwanamke mzee aliyekuwa wa kwanza kusaini jina lake, alimletea kabichi nyumbani kama alivyozoea. Mumewe aliendelea kulisha ng'ombe. Afisa akaona hawezi kukaa katikati ya watu wasiomlaumu. Akaja Dubai, akisema ni kwa mwaka mmoja tu, mpaka bajeti ijayo.

Hadija hakuwa na subira na hadithi hiyo. Kwake jambo lilikuwa wazi. Alisema wakubwa wamekula hizo pesa, hata Uganda wanakula, kwa nini tunazunguka. Jioni moja, tukiwa jikoni tukingoja zamu ya jiko, alilirudia hilo, na Afisa akageuka na mwiko mkononi. Nilifikiri atapiga kelele. Hakupiga.

"Hakuna aliyekula, Hadija," alisema. "Kama wangekula, ningejua nimkasirikie nani."

Kisha akaeleza, kwa sauti ileile aliyotumia kuagiza chumvi, kwamba nchi ina deni, deni hulipwa kwanza, kinachobaki hugawanywa, na wanaogawa huanza kukata vitu ambavyo havijaanza kufanya kazi, maana vikikatwa hakuna kinachosimama. Ghala lao lilikuwa halijaanza kufanya kazi. Kwa mtu aliyekaa mbele ya karatasi huko mjini, lilikuwa ndilo jambo jepesi kuliko yote kufuta. "Hata mimi ningelifuta," alisema. Hadija akamjibu kwamba basi hayo ni mabaya zaidi ya wizi. Afisa akarudi kukoroga sufuria.

Hapo ndipo aliponishinda, na sikuwahi kumwelewa. Hakuiamini serikali hata chembe, lakini hakuruhusu mtu aitukane mbele yake. Alisema habari za bajeti ni za kupoteza muda, lakini ilipofika Juni hakulala vizuri. Nchi zetu husoma bajeti karibu siku moja, na fleti yetu ilikuwa na Wakenya, Waganda na Watanzania, kwa hiyo siku hiyo ilikuwa kama siku ya mpira. Ila walioshangilia walikuwa hawasikilizi, na aliyesikiliza hakushangilia. Alivaa kifaa kimoja sikioni chini ya kofia yake ya kazi, akagawa chai katika chumba cha mikutano huku waziri wa nchi yake akisoma. Aliniambia hotuba haina kitu, hotuba ni ya wageni waalikwa. Mambo yenyewe yako kwenye vitabu vinavyotolewa baadaye, na hata hivyo vitabu si kitu mpaka fedha zitoke, na hata zikitangazwa kutoka bado kuna bajeti ya nyongeza katikati ya mwaka inayoweza kuzirudisha zilikotoka. Alijua kila mlango ambao fedha ile ingeweza kupotelea. Bado alisikiliza.

Kwa watu wengine alikuwa mshauri mzuri ajabu. Msichana yeyote aliyetaka kufungua kitu nyumbani, saluni, duka la simu, shamba la nyanya, alipelekwa kwake. Hakumwambia mtu kwamba wazo lake ni baya. Aliuliza tu. Nani atanunua? Anaishi umbali gani? Siku gari lisipokuja, itakuwaje? Hilo la gari liliwaangusha wengi. Hadija aliangushwa mara tatu na mpango wake wa kuku wa mayai huko Masaka, akakasirika, akaenda, akarudi na jibu. Dada yake akaanzisha banda. Likakua. Picha za trei za mayai zilipofika kwenye simu, Hadija alimwonyesha Afisa kabla ya sisi wote, na Afisa akacheka kwa furaha ya kweli, akauliza kuhusu chanjo na maji. Halafu akakaa karibu wiki nzima bila kuzungumza na mtu. Tulidhani anaumwa. Asubuhi moja kwenye metro alisema, bila mimi kumuuliza, kwamba yote aliyomfundisha Hadija ndiyo aliyowafundisha wale wakulima, neno kwa neno, hakuongeza wala hakupunguza. Mlango ukafunguka, tukashuka.

Juni moja fungu likarudi.

Aliliona yeye mwenyewe kwenye vitabu, akanionyesha kwenye simu: mstari mmoja wenye jina la mpango wao, katikati ya mistari mingine. Alikuwa ameupandisha na kuushusha ukurasa huo mara nyingi. Kaunti ikampigia na kumwita arudi. Nilimkumbusha, kwa utani, kwamba hayo bado ni makadirio. Alinishika bega akasema, "Njombe, niache leo."

Alitoa taarifa ya kuacha kazi ofisini. Alipeleka mizigo yake kwa wakala wa kago wa Deira: blanketi, sufuria ya presha, viatu vya mumewe, makoti mawili ya kwendea ofisini. Siku ya kumuaga alitupikia mukimo, viazi vya kuponda pamoja na mahindi, na mara hiyo pekee alinunua viazi pale chini, bila kuvinusa. Muuzaji alimwongezea viwili bure. Hadija akamwambia Afisa sasa anakwenda kuwa Afisa wa kweli. Tulimsindikiza uwanja wa ndege tukiwa wengi kuliko nafasi za teksi.

Alikaa kwao chini ya mwaka. Aliyoyaona huko nilikuja kuyajua aliporudi. Alikuta ghala limeota majani mlangoni, akalisafisha. Akawaita wakulima, wakaja. Wakapanda tena. Mashine ziliagizwa kwenye karatasi, zikawa zinangoja fedha zitoke, na fedha zikawa zinangoja robo inayofuata. Halafu mvua ikakosa kunyesha kaskazini mwa nchi. Mifugo ikafa, watu wakawa wanapewa unga kwenye malori. Bajeti ya nyongeza ilipoletwa, mafungu mengi madogo yalikusanywa yakapelekwa kununua chakula, na lao likiwemo.

Alinisimulia hayo kwenye behewa lilelile. Nilitaka kumwambia pole, lakini yeye hakuwa amemaliza.

"Wale watu walikuwa na njaa ya kufa," alisema. "Niliona watoto wao kwenye televisheni. Ningesimama mahali, niseme viazi vyangu kwanza?"

Kwa hiyo hata safari ile hakuwa na mtu wa kumkasirikia.

Alirudi Dubai kwa mkataba wa kampuni ya usafi, na kampuni hiyo ikampeleka ofisi ileile ya zamani, maana waliomba mtu anayejua chai yao. Sare ilikuwa ya kijivu safari hii, na aproni yenye jina la kampuni kifuani. Kitanda chake karibu na kabati kilikuwa na mtu. Kilichobaki kilikuwa cha juu. Alikuwa amepita miaka hamsini, na goti moja lilikuwa bovu. Hadija alimwambia achukue cha chini, chake. Akakataa. Kila jioni tulimsikia akipanda ile ngazi ya chuma, polepole, akipumzika katikati, na sote tulijifanya tunatazama simu.

Mama mwenyekiti alimpigia simu Jumapili, baada ya ibada. Afisa alitoka kwenye ngazi za jengo kuongea. Hakuwa amewaambia nyumbani kwamba anatengeneza chai. Walijua yuko kampuni ya vyakula, na hilo lilikuwa kweli. Ndiyo maana Jumapili moja mama mwenyekiti akamwomba jambo la maana kabisa: kama kampuni yenu hununua chakula, kwa nini msinunue viazi vyetu?

Aliibeba hiyo rai wiki nzima. Mkuu wa ofisi yao, ambaye walimwita sir, alikuwa Mhindi wa makamo, mpole, asiyepandisha sauti. Afisa alingoja siku ambayo alikuwa peke yake, akaweka kikombe mezani, na badala ya kuondoka akabaki amesimama. Alimweleza. Sir hakucheka wala hakushangaa. Alimwambia akae. Akamuuliza ni aina gani ya viazi, vina ukubwa gani, wakulima wangapi, wanachambua vipi, barabara ikoje mpaka bandarini. Afisa aliyajibu yote, kwa Kiingereza chake kizuri ambacho ofisi ile haikuwahi kukisikia zaidi ya sukari au bila sukari. Sir aliandika kidogo. Kisha akauliza viazi vikishachimbwa vinalala wapi kabla ya kusafirishwa.

Afisa akasema kuna ghala la baridi.

"Zuri," sir akasema. "Nyuzi ngapi?"

Akamwambia halina mashine bado. Sir akaweka kalamu chini. Hakuwa mkali. Alisema basi hapo hakuna ghala, kuna nyumba, na meli haiwezi kungoja. Mashine zikifika, njoo, nitakupa mtu wa kuzungumza naye, inshallah. Afisa akashukuru, akachukua kikombe cha jana kilichokuwa pembeni, akatoka.

"Na yuko sawa," aliniambia tukirudi. Alisema hivyo zaidi ya mara moja njiani. Nilitamani angalau yule sir angekuwa mbaya.

Baadaye wakaguzi wa jiji walivunja kuta za mbao zilizogawa vyumba vya fleti yetu, kwa kuwa tulikuwa wengi kuliko kanuni ilivyoruhusu, na tukatawanyika. Hadija alirudi Masaka kwa kuku wake. Mimi nilipata kazi ya makaratasi katika ghala la kampuni moja kwenye eneo huru la biashara la uwanja wa ndege, nikahamia upande wa Qusais. Afisa alipelekwa kwenye makazi ya kampuni ya usafi, mbali. Tulisalimiana kwa ujumbe, kisha kwa sikukuu, kisha hata sikukuu zikapita.

Zaidi ya mwaka ulipita hivyo. Siku moja Mkenya mmoja tunayefanya naye kazi alikuwa akisoma habari za kwao kwa sauti, akataja maghala ya viazi. Fungu limerudi, akasoma, na safari hii mashine zimenunuliwa. Nilimwomba asome tena. Siku yangu ya mapumziko iliyofuata, ambayo ilikuwa siku ya kazi kwa wengine, nilipanda metro mpaka Jumeirah Lake Towers, nikamngojea chini wakati wa chakula cha mchana.

Alitoka na mkebe wake wa chakula. Alikuwa amekonda, na nywele za mbele zimekuwa nyeupe. Aliponiona hakuharakisha, lakini alianza kutabasamu akiwa mbali. Tulikaa kwenye benchi kando ya lile ziwa lao la kutengeneza, kwenye kivuli cha mnara. Nikamwambia nimesikia. Nilikuwa nimejiandaa kumwona akifurahi, au akikataa kufurahi.

Alijua kila kitu. Mashine zilifika, akasema, ziko ndani ya ghala, kwenye makasha yake, zimefunikwa turubai. Kilichokosekana ni umeme. Mashine kubwa hazitumii nyaya za nyumbani. Zinahitaji laini yake na transfoma yake, na fedha za laini hiyo zilikuwa kwenye fungu jingine, la kusambaza umeme vijijini. Ili kupata fedha za mashine, fungu hilo ndilo lililopunguzwa.

"Wametoa huku wakaweka huku," alisema, akionyesha kwa mikono yake miwili juu ya mkebe.

Na kazi ya afisa ilikuwa imetangazwa upya, kwa watu wenye umri mdogo kuliko wake. Aliyechukuliwa ni kijana mwenye shahada, mwenye adabu, ambaye alipewa namba ya Afisa na mama mwenyekiti. Alimpigia karibu kila wiki. Alimwita madam. Alitaka kujua funguo za mlango wa nyuma ziko kwa nani, ukoo gani haupatani na ukoo gani, kwa nini watu hawaji mikutanoni. Afisa alimjibu yote wakati wa chakula cha mchana. Sikumuuliza kama analipwa kwa hayo. Siku hiyo kijana alikuwa amewaita wakulima ghalani, maana mavuno yalikuwa yameanza, na wao walipomsikia akisema umeme bado, hawakumwamini. Walisema hata yule wa kwanza alisema hivyohivyo. Akamwomba Afisa aongee nao mwenyewe.

Simu ikaita tukiwa tunazungumza. Haikuwa simu ya kawaida. Kijana alikuwa amemtumia kiungo cha mkutano, kama wafanyavyo maofisini. Siku zote Afisa alikuwa amewaambia watu wa kwao kwamba Dubai simu za picha hazikubali, na ni kweli nyingi zimezuiwa. Hii ilikubali. Aligusa kioo, na kabla hajajua, picha ikafunguka pande zote mbili.

Niliwaona watu wengi wamesimama mbele ya mlango mkubwa wa chuma, punda na mikokoteni nyuma yao, magunia juu ya mikokoteni. Kijana alikuwa ameinua simu ili wote waone. Na kwenye pembe ya kioo, katika mraba mdogo, nilimwona Afisa kama wao walivyokuwa wanamwona: kofia ya kazi, sare ya kijivu, aproni yenye jina la kampuni ya usafi kifuani.

Mkono wake ulikwenda kwenye kamba ya aproni, begani. Ukabaki hapo. Hakuivua.

Upande wa pili mtu mmoja nyuma aliuliza kitu kwa lugha yao, na mwingine akamnyamazisha.

Afisa akaanza kuongea. Aliwaambia habari za laini ya umeme, bila kuficha. Aliwaambia mashine ni za kweli, wazishike wenyewe. Aliwaambia wasiache viazi kwenye magunia, wavimwage juu ya majani makavu, mahali penye giza, hewa ipite, wachambue vilivyokatwa na jembe wavile kwanza. Vikikaa hivyo vinaweza kungoja wiki kadhaa. Sauti yake ilikuwa imara. Mwanamume mmoja aliyevua kofia akauliza, kwa heshima, na baada ya hizo wiki?

Alifungua mdomo. Nilikuwa nimekaa karibu naye, mabega yetu yanagusana. Nilijua majibu yote aliyokuwa nayo, niliyasikia miaka mingi kwenye behewa: robo ijayo, vitabu vya makadirio, bajeti ya nyongeza. Hakutoa hata moja. Nilichukua mkebe magotini mwake ili usianguke.

Kisha picha ikatikisika, simu ikabadilisha mikono, na uso wa mwanamke mzee mwenye kilemba ukajaa kwenye kioo, karibu mno, jicho moja likiwa nje ya picha. Nikajua ndiye mama mwenyekiti. Aliitazama ile sare.

"Afisa," alisema. "Umekula?"

"Nimekula, mama," alisema Afisa.

Mkebe ulikuwa mikononi mwangu, mzito, haujafunguliwa. Waliendelea kutazamana hivyo, Afisa na yule mzee, na nyuma ya mzee watu wakaanza kugeuza mikokoteni, mpaka saa ya Afisa kurudi juu ofisini ikafika.